Ratiba ya Blanketi

Asubuhi zote za Julai, kabla ya chai, Nzilani alisugua viganja vyake mpaka vikapata moto, kisha akaingia bandani kuwatia farasi mkono begani. Alipenyeza vidole chini ya blanketi, nyuma ya bega, akatulia hapo kama nesi anayesikiliza kifua cha mtoto. Mahali pale hapana uongo. Pakiwa baridi, farasi anasikia baridi. Pakiwa na vuguvugu na pakavu, mwache alivyo. Pakiwa na unyevu, blanketi limezidi, na inafaa livuliwe haraka kabla jasho halijapoa likamgeukia mwenyewe.

Farasi walikuwa watatu na hawakuwahi kukubaliana juu ya hali ya hewa. Kanali alikuwa mzee wa miaka ishirini na minne, mbavu zote nje, aliyewahi kukimbia mashindano Nairobi wakati Nzilani akiwa bado chekechea. Yeye alitetemeka hata upepo ukimpita kwa mbali. Malkia, jike mwekundu mwenye mwili wa kujaa, alitoka jasho kwa kufikiria tu. Wa tatu aliitwa Ndengu. Alikuwa mfupi, wa kijivu, ametoka pande za Isiolo, na kila ikifika Juni aliota manyoya mengi hadi akaonekana kama zulia lililosimama. Kumvisha Ndengu blanketi kulikuwa kama kumvisha kondoo sweta.

Lakini walivishwa wote, kwa sababu mlangoni palibandikwa karatasi iliyopigwa chapa na kufunikwa nailoni:

RATIBA YA BLANKETI
Kuvaa: saa kumi na moja jioni.
Kuvua: saa nne asubuhi.
Hakuna kuvua bila idhini.
Imetolewa na Mwl. V. Wahome.

Mwalimu Virginia Wahome, mwenye farasi, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Kustaafu alistaafu kwa barua tu. Alinunua ekari tano Kisaju, ukishapita Kitengela, akaweka farasi wa kuwabeba watoto wikendi, akawaendesha kama darasa la nne. Enzi zake, hakuna mtoto aliyevua sweta hata jua likipasua mawe, mpaka yeye mwenyewe atangaze paredi. Fundi aliyemshonea yunifomu za shule ndiye aliyemshonea blanketi za farasi: rangi ya damu ya mzee, ukingo wa manjano, ndani kitambaa cha koti la mvua kisichopitisha hewa hata kidogo, na mgongoni jina kwa uzi wa manjano. KANALI W. MALKIA W. NDENGU W. Hiyo W ilikuwa ya Wahome.

Tatizo ni kwamba Mwalimu aliishi Laiser Hill kwa binti yake, ambako Julai ukungu hushuka ukakaa kama mgeni asiye na haraka. Alipima baridi ya Kisaju kupitia dirisha la chumba chake cha kulala. Na Kisaju ina mambo yake. Saa kumi na mbili unapumua moshi. Saa mbili jua linachoma kisogo. Saa nane upepo unaleta manyunyu, na saa kumi jua linarudi kama halikufanya kitu.

Nzilani aliyajua haya yote. Alikuwa na diploma ya afya ya mifugo, na alifaulu vizuri, isipokuwa mtihani wa mdomo ambao aliomba kuandika. Sauti yake ilikuwa na tabia ya kubaki nyumbani kila alipotoka kwenda kukutana na wakubwa. Miezi yake mitatu ya majaribio ingekwisha mwisho wa Julai, na tangu aajiriwe hakuwa amemwambia Mwalimu maneno zaidi ya "Sawa" na "Asante."

Basi akatafuta njia yake. Saa moja na nusu, jua likishatoka, alimvua Malkia, akamvua Ndengu, akamwacha Kanali na lake. Saa nne kasorobo aliwavisha tena. Saa nne kamili Mwalimu alifika, akapuliza filimbi, akatangaza, "Vua!" na Nzilani akavua, uso wake ukiwa wa mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Mambo yalikwenda hivyo wiki sita bila hitilafu. Alhamisi moja, saa mbili kasoro dakika tano, Malkia na Ndengu wakiwa uwanjani mgongo wazi, honi ikalia getini.

Mwalimu alikuwa amelala Kitengela kwa rafiki yake baada ya mkutano wa kina mama wa kanisa, akaona heri apitie mapema. Alishuka kwenye gari lake akiwa na koti jeusi, skafu, glavu na kofia ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Akawatazama farasi. Ndengu akachagua dakika hiyo hiyo kulala chini na kugaagaa kwenye tope jeusi, miguu minne juu.

Kisha Mwalimu akageuka upande wa jiko. Musila, aliyekuwa mlinzi na mtunza farasi wake kwa miaka tisa, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, amejifunika blanketi la rangi ya damu ya mzee. Alilikuta limeanikwa kwenye ua, likiwa bado na joto la Malkia, akaona ni dhambi joto lile lipotee bure.

"Musila."

"Naam, Mwalimu."

"Wewe unaitwa nani?"

Musila akafikiri, kwa kuwa swali lilionekana rahisi kupita kiasi. "Musila, Mwalimu."

"Mbona mgongo wako unasema wewe ni Malkia?"

Musila akasimama polepole. Chai ikamwagika kidogo kwenye gambuti.

"Kwa hivyo," Mwalimu akasema, akiivua glavu moja kidole kwa kidole, "unavua wanyama wangu na baridi hii yote, ndiyo wewe uote joto ukikunywa chai?"

Musila akamtazama Nzilani, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda akiwa na blanketi la Ndengu mikononi. Nzilani akafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, na kwa mpangilio mzuri: ni mimi niliyewavua, walikuwa wanatoka jasho, tazama. Kilichotoka ni kikohozi.

Musila akageuka. "Niliskia baridi, Mwalimu," akasema. "Unisamehe."

Na hakuna neno hata moja hapo lililokuwa la uongo.

"Nzilani, na wewe ulikuwa wapi hii ikifanyika?"

"Nili..."

"Ulikuwa kwa kazi yako, najua. Unaona, Musila? Huyu msichana huwezi kumsikia. Kama kila mtu angekuwa mtulivu kama Nzilani, hii nchi ingekuwa mbali."

Nzilani alitamani tope la Ndengu lifunguke limmeze.

Mwalimu akatoa hukumu palepale. "Musila, toka kwa boma yangu. Kesho saa nne kamili urudi na mzazi."

Hata Ndengu aliacha kugaagaa.

"Mwalimu," Musila akasema kwa adabu, "mimi niko na miaka hamsini na minane."

"Sijauliza miaka."

"Mama aliaga elfu mbili na tatu. Baba alitangulia."

Mwalimu akasita, na kwa muda uso wake ukalegea kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Basi uje na guardian. Mtu mzima wa kukuongelea. Na asipopatikana, Musila, usirudi. Nitaandika mwingine." Akamgeukia Nzilani. "Farasi wote wavae sasa hivi, na hakuna kuvua mpaka kesi iishe kesho saa nne. Nimeeleweka?"

"Sawa," akasema Nzilani. Neno hilo halikuwahi kumkwama.

*

Gari lilipoondoka, Nzilani alikimbia nje. Musila hakuwa amefika mbali. Alikuwa ameketi kwenye jiwe mita kumi kutoka getini, mfuko wa plastiki magotini, na mbele yake amesimama jirani yao Lemein na mbuzi wake arobaini.

"Sopa, Musila," Lemein alikuwa akimsalimia kwa Kimaasai. "Nimeskia umefukuzwa shule."

"Ipa. Nimefukuzwa. Nataka mtu mzima aje aniongelee kesho. Utakuja?"

Lemein akacheka mpaka mbuzi wakamwacha, ikabidi awakimbilie. "Nitakuja kuona," akapiga kelele akiwa mbali, "lakini baba yako siwezi kuwa! Na umwambie huyo mama, farasi zake zinavaa kunishinda!"

Nzilani akachuchumaa kando ya jiwe. "Mzee Musila, mbona hukusema ni mimi?"

"Ningesema nini, na mimi nimeshikwa ndani ya blanketi?" Musila akatikisa kichwa. "Wewe bado uko kwa majaribio. Neno moja tu na unarudi kwenu na hiyo diploma yako imekunjwa. Mimi hapa niko na miaka tisa. Mwalimu ananijua."

"Lakini amesema ataandika mwingine."

"Amesema." Sauti ya Musila ikashuka. Akautazama mfuko wake. Ndani mlikuwa na redio na viatu vya kanisani, na kwa miaka tisa hakuwa na vingine vya kuhamisha. "Ndiyo maana nataka guardian mzuri. Mbeke, mke wangu, yuko Kibwezi anavuna mbaazi, hawezi kufika. Lemein umemskia. Kwa hivyo ni wewe."

"Mimi? Mimi niko na miaka ishirini na tatu!"

"Si uko na kitambulisho?"

"Niko nacho."

"Basi ni mtu mzima."

"Mzee, mimi siwezi kuongea mbele ya Mwalimu. Umeniona leo. Nimekohoa."

Musila akamwangalia. "Sasa huyu ni mzazi gani hawezi kuongea?" akasema. "Ningejua, ningezaliwa kwingine."

*

Saa tano jua likatoka lote, bila wingu, kama lililotumwa. Kanali, ndani ya blanketi lake, alifumba macho kwa raha. Ndengu alisimama akihema. Malkia alianza kujisugua kwenye nguzo, kwanza kwa ustaarabu, halafu kwa hasira, na ukingo wa manjano ukaanza kutoa povu.

Nzilani akapiga simu Laiser Hill.

"Halo, Nzilani! Kuna nini?"

"Mwalimu..." Alimwona Malkia akijikuna. Alimwona Musila akilini, na mfuko wake. "Mwalimu, nilikuwa... nakusalimia tu."

"Oh! Asante. Wewe ni mtoto mzuri. Huku ni baridi, sioni hata geti la jirani. Wako na blanketi?"

"Wako nazo."

"Wasivue."

Akaona heri aandike. Aliandika ujumbe mrefu, ulioanza na heshima zote, ukapitia jinsi manyoya yanavyosimama kushika joto na jinsi jasho linavyomdhuru farasi upepo ukibadilika, ukaishia na ombi la kumrudisha Musila. Akausoma, ukamtisha. Akafuta ile sehemu ya Musila. Akafuta jasho. Akafuta manyoya. Mwishowe akabaki na neno moja, na kabla hajalifuta nalo kidole kikateleza. Ujumbe ukaenda: "Sawa."

Baada ya dakika moja Mwalimu akajibu: "Sawa nini?"

Nzilani akaizima simu, akaingia kwa Malkia. Akafungua kamba ya kifuani, na begani, pale penye mshono wa fundi, akaona kidonda kibichi, kikubwa kama kifuniko cha soda. Akakikodolea macho. Wiki sita zote alijiona mjanja, kumbe ujanja wake ulitegemea Mwalimu asitoke nyumbani mapema.

Akafikiri kuhusu ratiba. Ratiba ilikataza kuvua. Haikutaja kukunja. Akakunja blanketi la Malkia hadi kiunoni, la Ndengu vilevile, wakabaki kama akina mama waliojifunga leso wakienda kuoga. Saa nane upepo ukageuka na manyunyu yakaja, akamfuta Malkia kwa gunia mpaka akakauka, kisha akakunjua tena. Katika kufuta, akamhutubia.

"Mwalimu," akamwambia Malkia, "kila farasi ana baridi yake. Kanali ni mzee, hana nyama, huyo avishwe mapema na avuliwe akiwa wa mwisho. Ndengu hahitaji kitu isipokuwa mvua ikimshika na upepo. Na wewe Malkia, yaani, na Malkia, avuliwe jua likitoka, si saa ikifika. Hili jambo haliwezi kukaa kwenye karatasi. Na Musila hana kosa."

Hotuba ilikuwa nzuri, haikukwama hata mara moja. Malkia aliitikia kwa kutafuna ukosi wa sweta yake.

*

Ijumaa saa nne, meza iliwekwa mbele ya banda. Mwalimu aliketi nyuma yake na koti, skafu, glavu na kofia yake ya Laiser Hill, na mbele yake daftari kubwa. Jua la Kisaju lilikuwa limeshapanda, na farasi watatu walisimama uwanjani wamevaa tangu jana, majina yao waziwazi kama wanafunzi wa zamu. Lemein alikuwa ameegemea uzio. Alisema amekuja kama jirani.

Musila alifika amechana nywele kwa maji, shati limechomekwa, mikono nyuma.

"Mzazi yuko wapi?"

Musila akaelekeza kwa kidevu. Nzilani akasogea hatua moja. Alikuwa amevaa blauzi yake ya mahafali.

"Nzilani?"

"Ndiye guardian wangu, Mwalimu," akasema Musila. "Ulisema mtu mzima. Huyu yuko na kitambulisho."

Lemein akapatwa na kikohozi cha ghafla. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu hazikutaja umri wa juu wala wa chini. Akafungua kalamu.

"Jina la mzazi?"

"Nzilani."

"Ongea kwa sauti, mzazi."

"Nzilani."

"Uhusiano na mtoto?"

Nzilani akamtazama Musila, aliyemzidi miaka thelathini na mitano. "Tuna... tunafanya kazi pamoja."

Mwalimu akaandika. "Mzazi, nimekuita kwa sababu ya tabia. Kwanza, nyumbani yukoje?"

"Ni mzuri," akasema Nzilani kwa sauti ndogo. "Ananipikia chai."

"Anakupikia wewe? Sawa. Sasa, mtoto wako amepatikana amevaa kitu cha mwenzake..."

Hakumaliza. Uwanjani Malkia alikuwa amejisugua kwenye nguzo hadi kamba ya kifuani ikakatika. Blanketi, zito kwa jasho, likazunguka likaning'inia chini ya tumbo, na mguu wa nyuma ukanasa ndani. Malkia akaruka. Kitambaa kikamfuata. Akapiga teke, akakimbia kwa kuchechemea akilivuta, moja kwa moja kuelekea uzio wa waya.

Mwalimu alisimama akaita, "Malkia! Kaa chini!" kwa sauti iliyowahi kuwakalisha watoto mia nane. Malkia hakusoma katika shule hiyo.

Nzilani alikuwa ameshavuka. Hakukimbia. Alitembea kwa upande, mikono chini, akinong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na sauti ile ndogo ambayo haikufaa kwa kitu kingine chochote ilimfikia farasi. Malkia akasimama, anatetemeka, macho meupe. Nzilani akainama chini ya tumbo lake, akafungua kamba ya mwisho, akautoa mguu. Blanketi likaanguka kwa kishindo cha nguo mbichi. Mvuke ukapanda kutoka mgongoni mwa Malkia kama sufuria ya githeri iliyofunuliwa.

Mwalimu alifika akihema. Akaona bega. Kidonda sasa kilikuwa kinatoa damu.

"Hii ni nini? Nani amempiga?"

Mikono ya Nzilani haikuwa na haya kama ulimi wake. Akaushika mkono wa Mwalimu, akamvua glavu, akampeleka kwa Ndengu, akauingiza mkono wake chini ya blanketi, nyuma ya bega.

Mwalimu akaurudisha haraka, akautazama unavyong'aa. "Amelowa! Mvua ilinyesha hapa?"

"Ni jasho, Mwalimu."

"Na hii baridi?"

"Baridi iko Laiser Hill, Mwalimu," Lemein akasema toka uzioni. "Hapa ni Kisaju."

Nzilani akauchukua mkono ule tena, mara hii kwa Kanali. Mwalimu akatulia. Chini ya blanketi la Kanali palikuwa pakavu, na vuguvugu kama mkate.

"Huyu yuko sawa," Mwalimu akasema polepole.

"Huyu analihitaji."

Mwalimu alisimama kati ya farasi wawili, mkono mmoja umelowa, mwingine bado ndani ya glavu. "Mtoto angesema," akasema, kama anayejitetea mbele ya mtu asiyeonekana. "Mtoto akiskia joto, si atasema?"

"Mwalimu," akasema Musila, ambaye hakuwa tena na la kupoteza, "hawakuwa wanasema. Walikuwa wanakuogopa."

Mwalimu Virginia Wahome alimwangalia Musila, halafu akaangalia mbali, mahali ambapo labda watoto mia nane walikuwa wamesimama paredi na sweta zao kwenye jua. Kisha akaifungua skafu yake. Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeshikana na paji la uso kwa jasho. Akavua na koti, akalining'iniza kwenye uzio karibu na Lemein.

Akarudi mezani, akaketi. "Hayo ya jasho nimeyaona," akasema. "Nitayafikiria. Lakini sheria ni sheria. Jana hapakuwa na idhini, na aliyevua bila idhini alinidharau kwa boma yangu. Musila, kwa hilo siwezi kukurudisha."

Musila akainamisha kichwa. Akaanza kuokota mfuko wake.

"Si yeye," akasema Nzilani.

"Mzazi?"

"Si yeye aliyevua. Ni mimi. Mzee Musila alilikuta kwa ua, akalivaa tu."

Kalamu ya Mwalimu ikasimama. "Wewe. Jana?"

"Jana. Na juzi. Kila siku, Mwalimu. Tangu Juni."

"Kila siku? Na mimi nikifika saa nne, si nawakuta wamevaa?"

"Huwa nawavisha tena saa nne kasorobo."

"Na filimbi yangu?"

Nzilani akatazama viatu vyake. "Huwa naskia filimbi, halafu nawavua mara ya pili."

Lemein aliuachia uzio, akaondoka kwenda kuwatafuta mbuzi wake, mabega yakitikisika. Jikoni chai ikachemka na kuanza kumwagikia moto. Mwalimu akafunga daftari.

"Musila, rudisha huo mfuko ndani. Kosa lako ni kuvaa jina la mtu, na hilo nimelisamehe."

"Asante, Mwalimu."

"Nzilani." Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ulinidanganya wiki sita. Lakini umesema ukweli mwenyewe, na mtu akisema ukweli mwenyewe, mimi humalizia hapo hapo. Hata barua yako ya kazi nitaandika. Shuleni tulikuwa tunafunga kesi hivi: unasema 'Sitarudia,' halafu tunakunywa chai. Sema, tunywe chai."

Lilikuwa neno moja tu, fupi kama "Sawa," na njia yake kooni ilikuwa imeshalainishwa. Nyuma ya Mwalimu, Musila alikuwa akimwonyesha kwa midomo: si-ta-ru-di-a. Nzilani akapumua. Akatazama bega la Malkia, na nzi wawili waliokwisha kulifikia.

"Nitarudia, Mwalimu," akasema, kwa sauti kubwa hata Lemein akasimama kule barabarani, akageuka. "Kesho jua likitoka saa moja, nitawavua saa moja. Kanali nitamwacha mpaka apate joto mwenyewe. Mvua ikinyesha saa nane, nitawavisha saa nane, hata kama karatasi inasema kumi na moja. Nitawashika begani kwanza, mmoja mmoja, halafu nitaamua. Na wewe ukiwa Laiser Hill, Mwalimu, tafadhali usiamue."